Wiki Isiyokuwa na Alhamisi

Jumatatu, 4 Machi

Leo mtu amepigwa na kiti ofisini kwetu, na chanzo ni tarehe. Kiti chenyewe hakikunigusa. Mimi nilikuwa nimeshapiga mbizi chini ya kaunta, mahali ambapo kitambi changu huingia kwa mabishano.

Niseme kazi yetu, maana shajara hii naianza leo na huenda nikaisoma nikiwa nimesahau hata jina langu. Barabara kuu inapanuliwa. Nyumba zilizo kando yake zimepigwa alama ya X nyekundu. Mwenye nyumba asiyekubali analeta rufaa kwetu kabla ya siku yake ya mwisho. Rufaa ikipokelewa kwa wakati, nyumba haiguswi mpaka isikilizwe. Ikichelewa, linakuja tingatinga. Mimi ndiye mpokeaji wa dirisha la kwanza, nagonga mhuri. Wenzangu wananiita Mzee wa Mhuri, na mvi zangu zinawaunga mkono.

Sasa, mwenzangu wa dirisha la pili hachani karatasi za kalenda yake mpaka akumbushwe. Leo Jumatatu kalenda yake ilikuwa bado Jumamosi. Nikamwambia bwana mmoja, "Umechelewa, siku yako ya mwisho ilikuwa juzi." Akageuka aondoke, akamwona jirani yake, mwenye tarehe ileile ya mwisho, anagongewa mhuri wa Jumamosi dirisha la pili na kutabasamu. Yule bwana alinyanyua kiti cha chuma cha wageni akakishusha mgongoni mwa jirani yake, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu kikampata sikioni. Damu mpaka kwenye kibweta cha wino.

Mlinzi wetu, tunayemwita Nyundo, alimaliza ugomvi kwa namna yake. Sasa waliolazwa ni wawili.

Alhamisi, 7 Machi

Mkuu wa ofisi ameleta saa ya kalenda. Ni kubwa kama sinia la harusi, inatundikwa juu ya kaunta, na chini ya mishale ina vidirisha vitatu: siku, tarehe, mwezi. Mishale inaendeshwa na betri. Vidirisha vinageuzwa na umeme, saa sita ya usiku, vyenyewe. Umeme ukiwa umekatika saa hiyo havigeuki, basi asubuhi mtu anabonyeza kitufe cha pembeni mara moja, siku inasogea.

Mkuu alitoa hotuba. Alisema ofisi ya kisasa haiendeshwi kwa simu za watu wala kalenda za kuchana. "Kuanzia leo, siku ni ile inayosemwa na saa hii. Hata mimi nikisema vingine, msinisikilize." Tulipiga makofi. Katibu wake akabandika karatasi chini ya saa: UMEME UKIKATIKA USIKU, ATAKAYEINGIA KWANZA ABONYEZE MARA MOJA.

Namheshimu Mkuu. Wengine wangenunua kiti kipya tu.

Jumatatu, 11 Machi

Sikutegemea kitu cha ukutani kinaweza kuleta amani kiasi hiki. Mtu akibisha tunanyoosha kidole juu. Anatazama, anakuna kichwa, anaondoka. Wazee hawaulizi tena leo ni lini. Dirisha la pili linagonga tarehe ya kweli kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Hata mimi, ambaye kila Januari huandika mwaka uliopita mpaka Februari iingie, sijakosea hata karatasi moja. Laiti kila ofisi ingekuwa nayo.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Hakuna aliyepigwa.

Jumanne, 19 Machi

Mvua kubwa. Upepo umeng'oa bati la kibanda cha mlinzi na kulipitisha barabarani kama wembe; mbwa mmoja amekufa.

Mchana, kijana mmoja aliyechelewa siku moja alipanda juu ya benchi, akanyoosha mwavuli, akajaribu kugusa saa. Sijui alitaka kufanya nini. Kitufe kinasogeza mbele tu, hakirudishi nyuma. Nyundo alimshusha kwa mguu. Kijana alianguka kwa mdomo. Nyundo hakuacha, alimburuta mpaka mlangoni akimpiga mateke ya mbavu, na kila teke anasema, "Mali ya ofisi! Mali ya ofisi!"

Nikamwambia, "Bwana we, inatosha."

"Mzee, wewe gonga mhuri. Mimi kazi yangu hii."

Huyu si mtu, ni mlango wenye miguu.

Jumapili, 24 Machi

Tumekula kwa shemeji, mdogo wake mke wangu. Ni mshonaji, chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho duka, kina cherehani mbili na mlima wa sare za shule. Mume wake, mwanyumba wangu, ni mchomeleaji, mtu wa maneno machache na mikono kama koleo. Tunapendana kwa njia ya wanaume waliooa nyumba moja: ananicheka kitambi, namcheka masikio.

Nyumba yao ina X. Siku yao ya mwisho ni Alhamisi, tarehe 4 Aprili. Kilichobaki kwenye rufaa yao ni nakala ya ramani ya kiwanja, nayo wameahidiwa itatoka siku hiyohiyo asubuhi.

"Shemeji, si nitachelewa?" akaniuliza.

"Utachelewaje? Ukiipata Alhamisi uje Alhamisi. Dirisha la kwanza mimi nipo. Mpaka saa tisa na nusu mhuri ni wako."

Mwanyumba akasema, "Tumekuwekea imani, mzee." Akanisukumia kipande kikubwa cha nyama. Nilikila.

Alhamisi, 28 Machi

Umeme ulikatika usiku. Katibu ameingia kwanza, kabonyeza, siku imesogea. Safi.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Soksi zangu zinanuka mpaka dirisha la pili limelalamika.

Alhamisi, 4 Aprili

Naandika kwa mkono wa kulia na kushikilia barafu kwa wa kushoto. Jino moja liko kwenye kikombe. Nitaandika yote, kwa mpangilio, kabla kichwa hakijabadilisha hadithi kwa faida yangu.

Usiku umeme ulikatika. Nilipofika saa ilisema IJUMAA 5. Nikacheka. Nikamwambia Katibu, "Dada, leo tumelala siku mbili?"

Akatazama juu, akaweka mkono mdomoni. "Mimi nimebonyeza mara moja tu! Nimeingia mlango wa mbele, hapakuwa na mtu, nikabonyeza huku nakung'uta mwavuli."

Nyundo akiwa kizingitini akasema, "Na mimi nimebonyeza alfajiri. Nimeingia mlango wa nyuma. Karatasi imesema atakayeingia kwanza."

Basi ndiyo hivyo. Ofisi ina milango miwili, na kila mmoja aliingia kwanza kwa mlango wake.

Ingekuwa jambo la kucheka, kama mwenzangu wa dirisha la pili asingekuwa ameshafungua mapema. Katika siku yake moja ya bidii maishani, alikuwa ameshawarudisha watu kumi na kitu kwamba wamechelewa, na wameondoka wakilia. Nikaenda kwa Mkuu.

"Zima saa, tuwaite warudi," nikasema.

Mkuu alifunga mlango. "Nimewaandikia wakubwa kwamba saa hii haikosei. Wameagiza nyingine kwa ofisi zote. Leo nikitoka nje niseme imekosea, kila tuliyewahi kumkataa tangu Machi atakuja na panga. Utawazuia wewe?"

"Lakini leo ni Alhamisi, Mkuu."

"Leo ni siku inayosemwa na saa. Usiku nitamwambia Nyundo achomoe waya, vidirisha visigeuke. Kesho itakuwa Ijumaa kama kawaida na mambo yatajinyoosha. Rudi dirishani."

Nikarudi. Ningependa kuandika kwamba nilibishana zaidi. Nilirudi.

Saa tano kasoro shemeji akaingia, kalowa mpaka kwenye mifupa, bahasha kaificha kifuani chini ya mfuko wa nailoni. Alikuwa anatabasamu. "Nimeipata, shemeji! Nimekimbia!"

Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimsikia anapumua.

Nikamwambia, "Shemeji… saa inasema tarehe tano."

Akatazama juu. Akacheka kidogo. "Saa yenu imeharibika. Leo si Alhamisi? Wewe mwenyewe uliniambia Alhamisi."

"Ndiyo."

"Sasa?"

Nikachukua mhuri. Mhuri wetu unapangwa kwa kufuata saa ya ukutani, ulikuwa umeshapangwa. Nikagonga. IMEPOKELEWA IJUMAA 5 APRILI. Chini yake nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Nje ya muda. Sikumtazama. Maji yakimdondoka juu ya kaunta, akasema polepole, "Nitamwambia nini mume wangu?"

Mwanyumba alikuja saa saba, bado amevaa aproni ya ngozi. Alinishika kola kupitia dirishani, akanivuta nikatoka nusu, tumbo likakwama kwenye fremu, na hapo ndipo aliponipiga. Ngumi ya kwanza niliiona inakuja. Ya pili nilisikia jino. Kila ngumi aliitangulizia neno: "Leo! Siku! Gani!" Nami nikamjibu, Mungu shahidi, huku damu inanijaa mdomoni: "Alhamisi." Akanipiga tena kwa kusema kweli.

Nyuma yake walikuwa wale waliorudishwa asubuhi, na ndugu zao, na watu ambao hawakuwa na rufaa yoyote ila walikuwa na mawe. Kioo cha mbele kiliingia chote kwa pamoja. Katibu alikatwa shavu. Nyundo alitoka mbele yao na rungu lake, akawavunja wawili watatu, halafu tofali likampata utosini na akakaa chini kama mtoto aliyechoka. Walimkanyaga. Nilimwona mama mmoja mtu mzima, kavaa miwani, anampiga kwa kiatu alichovua mguuni, kwa utaratibu kabisa, kama anayetwanga.

Saa haikuguswa. Katikati ya mawe yote yale. Mishale ilikuwa inatembea.

Ijumaa, 5 Aprili

Ijumaa ya pili. Tumefungua kwa dirisha moja, nyuma ya mbao. Mkuu amempa kila mtu mkono na kusema tumeonyesha ukakamavu. Mkono wake ulikuwa laini na mkavu.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo mke wangu ameuliza. Nilikuwa nakunywa uji, chakula pekee mdomo wangu unachokikubali.

"Ulijua ni Alhamisi?"

"Nilijua."

Sufuria lilipita karibu na sikio langu likatoboa mlango wa kabati. Ni mwanamke ambaye kwa miaka yote hii hajawahi hata kuua mende, ananiita mimi. Alinijia na ngumi ndogondogo za kifuani, nikaziacha. "Mdogo wangu! Umemgongea mdogo wangu! Ungekuwa mgeni angekusamehe!"

"Ningempokea yeye peke yake wangesema nimependelea shemeji yangu."

Aliacha kunipiga. Akanitazama jinsi mtu anavyotazama samaki aliyeoza sokoni. "Kwa hiyo hofu yako ilikuwa wangesema."

Nalala sebuleni.

Jumanne, 9 Aprili

Tingatinga limefika kwao saa mbili asubuhi, katika mvua, pamoja na wabomoaji ishirini wenye virungu. Niliomba ruhusa ya kwenda hospitali kwa ajili ya jino, nikaenda kule. Nilisimama upande wa pili wa barabara kama kuku aliyenyeshewa.

Shemeji alikuwa anatoa sare za shule kwa mikono, anazitupa matopeni. Cherehani moja walishaitoa. Ya pili ilikuwa imefungwa kwa bolti sakafuni. Mwanyumba alikuwa ndani anaifungua. Msimamizi akapiga filimbi mara moja. Dereva akasita. Msimamizi akapiga tena, kwa hasira, na ukuta wa mbele ukaingia ndani.

Mwanyumba alitoka katika vumbi na spana mkononi. Wakamwona na spana, wakasema ana silaha. Sitaandika yote. Watano walimpiga mpaka hakuwa tena anajikinga, na mmoja akauweka mkono wa mwanyumba juu ya kizingiti cha saruji na mwingine akaukanyaga kwa buti. Niliusikia kutoka upande wa pili wa barabara, mvua yote ile, niliusikia.

Nilivuka. Sijui nilitaka kufanya nini. Si mpiganaji, mara ya mwisho kupigana nilikuwa darasa la nne na nilishindwa na msichana. Nilijilaza juu yake. Ndiyo matumizi bora ya kitambi hiki tangu nikipate. Virungu vinne vitano vilinipata mgongoni, halafu mmoja wao akanitambua. "Acheni, huyu ni wa ofisini!" Wakaacha. Neno hilo liliniuma kuliko virungu.

Chini yangu mwanyumba alisema, "Toka juu yangu."

Vyumba viwili vya mbele vimekwenda. Tingatinga likakwama matopeni kabla ya vya nyuma. Watarudi ardhi ikikauka.

Jumapili, 14 Aprili

Nimekwenda kumwona Nyundo hospitalini. Kichwa kimeshonwa kama mpira wa zamani. Nilimwambia kwamba shemeji amepeleka malalamiko kwenye baraza la juu, yasikilizwe kabla ardhi haijakauka, nami nitasimama kusema siku ile ilikuwa siku gani.

"Utamwaga unga," akasema.

"Nitaumwaga."

"Watasema unamtetea shemeji yako. Hawatakuamini." Alitazama darini. "Mimi hakuna shemeji yangu pale. Wale wamenivunja kichwa. Nikisema mimi wataamini."

"Na utasema?"

"Nimebonyeza mimi, mzee. Kwa kidole changu. Nilisoma karatasi nikaifuata." Akageukia ukuta. "Yule mama wa kiatu, ana nyumba naye?"

"Anayo. Ina X."

"Basi."

Nilimwita mlango wenye miguu. Na Mkuu, niliyempigia makofi Machi, sasa nikisikia nyayo zake ukumbini nainamia karatasi zangu.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua inapungua. Mke wangu anachungulia mawingu kila asubuhi na kuyaomba yakae.

Jumatano, 24 Aprili

Baraza la watu watatu, meza ndefu. Mkuu alisema kwa ufasaha. Alieleza faida za saa ya kalenda katika ofisi ya kisasa: inaondoa ubishi, inalinda wafanyakazi, inamfanya tajiri na maskini kuwa na siku moja. Mbaya ni kwamba yote yalikuwa kweli. Akamaliza: "Na huyu shahidi, waheshimiwa, ni shemeji wa mlalamikaji. Mhuri na mwandiko ni wake. Leo anaukana mkono wake mwenyewe."

Mwenyekiti, mama mwenye sauti ya mwalimu mkuu, akanigeukia. "Mwandiko ni wako?"

"Wangu, mheshimiwa."

"Uligonga mhuri huu siku gani?"

"Alhamisi."

"Mhuri unasema Ijumaa."

"Mhuri ulisema iliyosemwa na saa. Saa ilibonyezwa mara mbili, na watu wawili waliofuata karatasi. Kesho yake tulikuwa na Ijumaa nyingine, maana Mkuu aliamuru waya uchomolewe."

"Kwa hiyo wiki hiyo ofisi yenu ilikuwa na Ijumaa mbili."

"Ndiyo."

"Na Alhamisi ngapi?"

"Haikuwa na Alhamisi, mheshimiwa. Tuliwanyang'anya."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akaacha. Halafu Nyundo akaingia akishikilia ukuta, akaonyesha kidole chake cha shahada mbele ya baraza kama mtoto anayeapa, akasema, "Nilibonyeza kwa hiki. Na waya nilichomoa kwa mkono huuhuu, kwa amri yake yule."

Wameamua palepale. Rufaa zote za siku ile zimepokelewa kwa wakati. Ubomoaji usimame.

Ukumbini Mkuu alinibana ukutani, kiganja kooni. Sikujua ana nguvu vile. "Nilikulinda wewe pia," akasema, mate yake usoni mwangu. "Wangekuchinja." Machozi yalikuwa yanamtoka. Huenda aliamini. Nyundo alimtoa vidole kimoja kimoja, bila kumpiga, na nadhani hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimesimamishwa kazi. Pia Nyundo.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua za mwisho zimekuja kwa hasira, kama mtu anayerudi kuchukua alichosahau. Mke wangu aliniamsha: "Turubai lile la gari letu bovu. Beba."

Nyumba ya shemeji sasa inaanzia katikati. Vyumba viwili vya nyuma vimesimama, upande wa mbele wazi, bati la juu limelegea linapigapiga. Shemeji alikuwa anashona katika kona iliyobaki kavu. Alinitazama, akaendelea kukanyaga pedeli. Mke wangu akaingia, akaanza kukunja sare bila kuulizwa.

Mwanyumba alisimama nje mvuani, mkono wa kulia ndani ya plasta. Madaktari wamesema utapona, ila kuchomelea tena hawajui. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ya tingatinga. Aliangalia turubai, akaangalia paa, akaangalia kitambi changu.

"Ngazi ile pale," akasema.

"Mimi? Paa lenyewe litanibeba?"

"Hatujui."

Nikapanda. Ngazi ilikuwa ya mbao, imeloa, na kwa kila kipandio niliwaza kwamba chini yangu yupo mtu mwenye kila sababu ya kuipiga teke. Upepo ukakamata turubai ukanizungusha. Ngazi ikaenda kushoto. Nilipiga kelele ambayo sitaieleza humu.

Ikarudi. Nikachungulia chini. Alikuwa ameizungushia mkono wake mmoja mzima na kuibana kwa bega na shavu, macho kayafumba, maji yanamwingia masikioni, meno kayauma.

"Mwanyumba," nikaita, "umeishika?"

"Funga turubai," akasema. "Sijakusamehe. Funga."